Neno moja, picha mbili: jinsi rubani na mnara wanavyopishana kuhusu njia ya kurukia

Jioni ya tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani ilikuwa ikielekea kuondoka. Siku iliyotangulia tetemeko kubwa la ardhi lilikuwa limeipiga rasi ya Noto, na ndege hiyo, Dash 8 yenye watu 6, ilikuwa imepakia misaada ya waathirika. Mwongoza ndege aliyekuwa mnarani akawaambia: namba moja, nendeni hadi kituo cha kusubiri C5. Jibu likarudi: tunakwenda kituo cha kusubiri C5, namba moja, asante.

Yasome tena mazungumzo hayo, polepole. Hakuna kilichokosewa. Kituo ni kilekile, namba ni ileile, sauti ilifika na ikajibiwa kama kanuni zinavyotaka. Lakini ndege haikusimama C5. Ilivuka mstari, ikaingia kwenye njia ya kurukia 34R na kukaa hapo kwa takriban sekunde 40. Nyuma yake ilikuwa inashuka Airbus A350 ya Japan Airlines yenye watu 379, nayo ilikuwa na ruhusa halali ya kutua kwenye njia hiyohiyo. Ndege hizo ziligongana. Walinzi wa pwani 5 kati ya 6 walifariki. Watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka wakiwa hai kabla moto haujaimaliza.

Naanza na mkasa huu kwa sababu unatikisa dhana ambayo wengi wetu tunayo. Tukisikia kwamba rubani na mnara hawakuelewana, tunawaza redio inayokoroma, lafudhi nzito, Kiingereza cha kubahatisha. Hayo yapo, na nitayafikia. Ila katika mikasa mingi mibaya zaidi maneno yalifika salama. Kilichotofautiana ni picha iliyochorwa na maneno hayo kichwani mwa kila mmoja. Kwa mnara, "namba moja" ilikuwa nafasi kwenye foleni: wewe ndiye wa kwanza kati ya wanaosubiri kuondoka. Kwa mtu mwenye haraka ya kupeleka misaada, neno hilohilo linaweza kusikika kama kwamba njia sasa ni yake. Baada ya ajali, waongoza ndege wa Japani waliagizwa kuacha kuwatajia marubani namba zao za foleni.

Barabara moja, majina mawili

Ili kuona ugumu ulipo, ni vizuri kwanza kujua njia ya kurukia inavyopewa jina. Jina lake ni mwelekeo wa dira uliokatwa tarakimu ya mwisho. Njia inayoelekea takriban digrii 340 inaitwa 34. Ukiijia kutoka upande wa pili unaelekea digrii 160, kwa hiyo lami ileile inaitwa 16. Uwanja ukiwa na njia mbili zinazolingana sambamba, huongezewa herufi: L ya kushoto, R ya kulia, na C ya katikati zikiwa tatu. Ina maana kwamba njia mbili tofauti kabisa, pengine zenye mita mia chache tu kati yake, zinatofautiana kwa herufi moja.

Barabara za viungio, zile zinazounganisha maegesho na njia ya kurukia, nazo zina herufi na namba. Ndege yenyewe inaitwa kwa jina la shirika na namba ya safari. Mwelekeo ni namba, kimo ni namba, kasi ya upepo ni namba, masafa ya redio ni namba. Agizo moja la sekunde nne laweza kubeba namba sita zisizohusiana, na rubani anatakiwa aipeleke kila moja mahali pake huku mikono yake ikiwa na kazi nyingine.

Redio nayo ina tabia zake. Kila mtu anayehudumiwa na mwongoza ndege mmoja yuko kwenye masafa yaleyale, na ni mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati. Wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, wale wengine hawasikii maneno. Wanasikia mluzi mkali. Mawimbi yanayotumika kwenye anga ni ya mtindo wa zamani, AM, na hilo lina faida: angalau mluzi unakuambia kuwa kuna watu wawili wamegongana. Mtindo wa FM, ule wa stesheni za muziki, ungeacha sauti yenye nguvu iimeze ile dhaifu, na usingejua kabisa kuwa kuna mtu mwingine alikuwa akisema. Lakini mluzi haukuambii nani alisema, wala alisema nini. Sekunde chache za mluzi wa namna hiyo ni sehemu ya ajali iliyoua watu wengi kuliko ajali nyingine yoyote katika historia ya usafiri wa ndege.

Los Rodeos, 27 Machi 1977

Mchana wa siku hiyo bomu lililipuka katika uwanja wa Las Palmas, Visiwa vya Kanari, na ndege zilizokuwa zikielekea huko zikapelekwa kwenye uwanja mdogo wa kisiwa jirani, Los Rodeos wa Tenerife. Uwanja ulifurika. Ndege ziliegeshwa hadi kwenye barabara ya kiungio, kwa hiyo waliotaka kuondoka walilazimika kuipanda njia ya kurukia yenyewe, kwenda nayo hadi mwisho, kisha kugeuka na kurukia upande walikotoka. Los Rodeos uko juu mlimani, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kile wanachokiita ukungu pale kwa kweli ni mawingu yanayopita ardhini. Mnara haukuona ndege. Ndege hazikuonana. Rada ya ardhini haikuwapo.

Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilitangulia hadi mwisho na kugeuka. Boeing 747 ya Pan Am, shirika la Marekani, ilikuwa inaifuata kwenye njia hiyohiyo, ikiambiwa itoke kwenye kiungio cha tatu. Haikutoka hapo, iliendelea kuelekea cha nne. Wakati huo rubani msaidizi wa KLM aliomba vibali viwili kwa mara moja: kibali cha kuruka, na kibali cha safari, yaani maelezo ya njia ya kufuata angani. Mnara ukatoa cha pili peke yake. Bahati mbaya, maelezo hayo yalikuwa na neno "takeoff" ndani yake, kwa sababu yalieleza kitu cha kufanya baada ya kuruka.

Rubani msaidizi akayarudia maelezo yote kama inavyotakiwa, kisha akaongeza maneno machache: "We are now at takeoff." Maneno hayo si Kiingereza cha kanuni, na yana maana mbili. Yaweza kuwa tuko mahali pa kurukia, tunasubiri. Yaweza kuwa tunaruka sasa hivi. Mnara ulichukua maana ya kwanza. Ukweli ulikuwa wa pili, kwa sababu kapteni alikuwa ameshasukuma nishati kwenye injini. Mwongoza ndege akajibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: subirini kuruka, nitawaita. Sekunde hiyohiyo Pan Am, walioingiwa na wasiwasi kwa yale waliyoyasikia, walibonyeza kitufe kusema kuwa bado wako kwenye njia. Sauti mbili zikagongana. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM kilichosikika vizuri ni "OK", kisha mluzi.

Bado palikuwa na nafasi moja. Mnara uliiambia Pan Am itoe taarifa itakapokuwa imetoka njiani, na Pan Am ikajibu kuwa itafanya hivyo. Maneno haya yalisikika KLM. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, akauliza kwa Kiholanzi: kwani huyo wa Pan American hajatoka? Kapteni akajibu kwa msisitizo kwamba ametoka. Hakuna aliyeongeza neno. Kwenye mgongano huo walikufa watu 583: wote 248 wa KLM na 335 wa Pan Am. Walionusurika walikuwa 61.

Kapteni yule, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mmoja wa wakufunzi wakuu wa shirika lake. Nalitaja hili si kumsulubu marehemu. Nalitaja kwa sababu mhandisi aliyeuliza swali sahihi alikuwa akimuuliza mtu ambaye cheo chake chenyewe kilitosha kuwa jibu. Miaka miwili baadaye, 1979, NASA iliitisha warsha ambayo ndiyo mwanzo wa mafunzo yanayomfundisha kapteni kusikiliza na kumfundisha mdogo wake kusisitiza. Leo marubani wa mashirika ya ndege karibu kote duniani wanayapitia.

Badiliko la pili lilikuwa kwenye lugha, na ni rahisi hata mtoto angelielewa. Neno "takeoff" lilifungiwa. Sasa linatamkwa wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta, basi. Kabla ya hapo kila mtu hutumia "departure", kuondoka. Ukilisikia lile neno, ama unaruka ama unasimama.

Redio haina uso

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua tatizo hili kupitia neno "sawa". Ukimwambia mtu jambo akajibu "sawa", amekubali? Amesikia tu? Atalifanya? Au anataka unyamaze? Uso wake ndio unaokuambia. Redio haina uso, na ndiyo maana lugha ya anga imechongwa neno kwa neno hadi ikawa karibu lugha nyingine. "Roger" maana yake ni kwamba nimeupata ujumbe wako wote, mwisho. Si ndiyo, wala si nitafanya. Anayeahidi kutekeleza husema "wilco". Ndiyo ni "affirm", iliyokatwa mkia makusudi, kwa sababu "affirmative" na "negative" zinamalizika kwa sauti ileile, na redio ina mchezo wa kula mwanzo wa maneno. Uingereza imeachana na "go ahead", ambayo inalingana kabisa na "endelea" yetu: mmoja anamaanisha sema nakusikiliza, mwingine anasikia songa mbele.

Tarakimu nazo zimefinyangwa. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "niner", kwa sababu kwenye kelele "nine" na "five" zinafanana. Usidhani huu ni udhia wa bure. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger, Boeing 747, ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur. Mnara uliiambia ishuke "two four zero zero", yaani futi 2,400. Marubani walisikia "to four zero zero", shukeni hadi futi 400. Mbili na "hadi" ni sauti moja kwa Kiingereza. Walirudia "four zero zero", hakuna aliyewasahihisha, na ndege ikagonga kilima. Wote 4 waliokuwamo walikufa.

Hapo ndipo palipo kiini cha kinga kuu ya mazungumzo haya, na pia udhaifu wake. Kanuni ni kwamba rubani hurudia agizo, na mwongoza ndege husikiliza marudio ili akamate kosa. Namba ya njia, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusimama kabla ya mstari: yote lazima yarudiwe. Ila mwongoza ndege anaposikiliza marudio tayari anajua atakachosikia. Ameshakisema mwenyewe. Sikio linalojua jibu husikia jibu, hata kama kilichosemwa ni kitu kingine, na mara nyingi wakati huo mdomo wake unajiandaa kuiita ndege inayofuata. Kurudia kunakamata makosa mengi mno kila siku, na sitaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani hakufai kitu. Lakini kunakagua maneno tu. Haneda yalikaguliwa yakapita.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilianza mwaka 2008 kuwataka marubani wa safari za kimataifa na waongoza ndege wanaowahudumia wafikie angalau ngazi ya 4 kati ya 6 katika kusema na kuelewa. Msukumo mmoja wa hatua hiyo ni mikasa kama ule wa ndege ya Avianca, shirika la Kolombia, tarehe 25 Januari 1990. Boeing 707 hiyo ilizungushwa angani kwa muda mrefu kabla ya kukaribishwa New York, hadi mafuta yakaisha. Marubani walisema wanahitaji kipaumbele, walisema mafuta yanawaishia, lakini neno la kutangaza hatari halikutamkwa. Kwa mwongoza ndege wa uwanja wenye msongamano, kuhitaji kipaumbele na kuwa hatarini ni mambo mawili. Watu 73 walikufa.

Pale jibu sahihi linapothibitisha kosa

Aina nyingine ya mkanganyiko haihusu maneno kabisa. Rubani ameambiwa njia sahihi, ameirudia sahihi, anaamini yuko juu yake, na kumbe yuko kwenye nyingine.

Lexington, Kentucky, 27 Agosti 2006, kabla ya mapambazuko. Ndege ya Comair ilipewa njia 22, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100. Ili kuifikia ilibidi ivuke mwanzo wa njia nyingine, 26, fupi kama nusu yake, isiyo na taa. Njia za uwanja zilikuwa zimebadilishwa kwa sababu ya ujenzi na ramani walizokuwa nazo hazikulingana na walichokiona. Wakageukia 26. Wakati ndege inashika kasi, mmoja wao alisema kuwa ni ajabu hakuna taa. Mwenzake akaitikia. Dira iliyokuwa mbele ya macho yao ilikuwa inaonyesha digrii 40 tofauti na walikopaswa kuelekea. Mwongoza ndege alikuwa peke yake zamu hiyo, na baada ya kutoa ruhusa aligeuka kufanya kazi ya makaratasi. Kati ya watu 50 alinusurika mmoja, rubani msaidizi.

Taipei, 31 Oktoba 2000, hata dira isingesaidia. Singapore Airlines 006 ilikuwa inaondoka katika mvua ya kimbunga Xangsane. Ilipewa njia 05L. Jirani yake, 05R, ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na katikati yake kulikuwa na mitambo ya ujenzi. Njia zote mbili zinaelekea upande uleule, na taa za kijani za kiungio ziliongoza moja kwa moja hadi kwenye ile iliyofungwa. Chumbani mwa marubani kulikuwa na kifaa kinachosaidia kunyoosha ndege sawasawa na njia wakati wa uoni hafifu. Hakikukubali, kwa sababu hawakuwa kwenye njia kinayoijua. Waliliona hilo, lakini njia nayo walikuwa wanaiona mbele yao kwa macho yao, basi wakayaamini macho. Walikufa watu 83 kati ya 179.

Mfano ninaoufikiria mara nyingi kuliko yote ni wa San Francisco, kwa sababu rubani alishtuka akauliza. Ilikuwa usiku wa tarehe 7 Julai 2017. Airbus ya Air Canada ilikuwa inashuka kutua 28R. Njia jirani, 28L, ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani walitarajia kuona njia mbili sambamba, na waliona mistari miwili sambamba ya taa: kushoto 28R yenyewe, waliyoidhania kuwa 28L, na kulia kwake barabara ya kiungio C, waliyoidhania kuwa njia yao. Juu ya kiungio hicho ndege nne za abiria zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri kuruka.

Rubani akaona taa zisizo za kawaida. Akauambia mnara kuwa anaona taa kwenye njia, akaomba athibitishiwe kama kweli ana ruhusa ya kutua. Mwongoza ndege akatazama, akajibu kwamba ruhusa ipo na kwamba 28R hakuna mwingine ila wao. Ilikuwa kweli tupu. 28R haikuwa na mtu. Jibu sahihi kabisa likatia muhuri kosa, kwa kuwa kila mmoja aliposema "njia" alikuwa anatazama lami yake. Ilibidi rubani wa mojawapo ya ndege zilizokuwa chini apaze sauti redioni: huyu anakwenda wapi, yuko juu ya kiungio. Airbus ikainuka tena ikiwa imeshuka hadi kama mita 18 kutoka ardhini.

Uwanja wa Linate, Milano, ulipata mkasa wa namna hiyo tarehe 8 Oktoba 2001, bila wa kupaza sauti. Ndege ndogo aina ya Cessna iliambiwa ipite kiungio R5. Katika ukungu mzito ikashika R6, ambacho kinakata njia ya kurukia. Marubani wakatoa taarifa kwamba wanakaribia alama S4 iliyochorwa ardhini. Mwongoza ndege hakuijua alama hiyo, kwa kuwa haikuwa kwenye ramani zake. Ile ndiyo ilikuwa kengele. Neno usilolijua, kutoka kwa mtu usiyemwona, maana yake huenda hayuko mahali unapodhani. Akajenga picha iliyolingana na agizo lake, akawaruhusu waendelee. Cessna ilivuka taa nyekundu zilizokuwa zinawaka na kuingia mbele ya MD-87, ndege ya abiria ya shirika la SAS, iliyokuwa inaruka. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Walikufa watu 118, wakiwamo 4 waliokuwa ardhini.

Isidhaniwe kuwa picha hupotea kwa rubani tu. Los Angeles, 1 Februari 1991, mwongoza ndege aliiweka ndege ndogo ya SkyWest kwenye njia ya kurukia isubiri, kazi zikamzonga, akaisahau, akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue mahali palepale. Walikufa watu 35. Kwa kiasi kikubwa mpangilio wa kazi mnarani, vikaratasi na alama za kwenye skrini zinazoonyesha njia ina mtu, vipo kwa ajili ya dakika ya namna hii. Kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi.

Rangi, taa, na masikio ya wengine

Kwa kuwa neno haliaminiki peke yake, uwanja wenyewe umeandikwa. Kabla ya kila njia ya kurukia kuna mistari minne ya manjano inayokata kiungio, miwili iliyonyooka na miwili ya vipande: ukiwa upande wa ile iliyonyooka, simama hadi uruhusiwe. Mabango mekundu yenye maandishi meupe hutaja jina la njia iliyo mbele. Taa za pembeni za viungio ni za bluu, za njia ya kurukia ni nyeupe. Katika viwanja vingi kuna mstari wa taa nyekundu ardhini unaozimwa na mnara ruhusa inapotolewa. Ukweli mchungu wa Haneda ni kwamba taa hizo za C5 hazikuwa zikifanya kazi siku ile kwa sababu ya matengenezo. Mnarani, skrini ilibadilisha rangi kuonyesha kuwa njia ina kitu wakati ndege nyingine inakuja. Haikuonekana kwa wakati. Chombo kinachoonya bila sauti kinamtegemea mtu aliyetazama upande wake sekunde hiyo.

Baadhi ya ndege sasa zina mfumo unaomtamkia rubani jina la njia anayoikaribia na kumwonya akitaka kurukia kiungio. Naupenda kuliko mingine kwa sababu haumuulizi rubani anadhani yuko wapi, unamwambia alipo. Maagizo mengine hutumwa siku hizi kwa maandishi, jambo linalomaliza utata wa "two" na "to". Lakini maandishi yanaondoa pia kitu ambacho watu wa nje hawakioni thamani yake: kusikia wanayoambiwa wengine.

Rubani akiwa kwenye masafa ya pamoja anachora ramani ya uwanja kwa kusikiliza tu. Nani ameruhusiwa kutua, nani anavuka, nani bado hajatoka. Ndiyo maana lugha mbili kwenye masafa mamoja ni hatari. Paris, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, 25 Mei 2000, ndege ndogo ya Uingereza aina ya Shorts 330 iliambiwa kwa Kiingereza ijipange kwenye njia na isubiri, namba mbili. Mwongoza ndege aliamini iko nyuma ya MD-83 ya Ufaransa, kumbe ilikuwa inaingilia kiungio cha mbele zaidi. MD-83 iliruhusiwa kuruka kwa Kifaransa. Marubani wa Shorts hawakukielewa Kifaransa, kwa hiyo sentensi moja ambayo ingewaambia kuwa ndege inakuja kwa kasi ilipita masikioni mwao kama upepo. Bawa la MD-83 lilikikata chumba cha marubani wa Shorts na mmoja wao akafa. Hapa tena, namba ya foleni.

Masikio ya wengine yakifanya kazi, mambo huwa hivi. Asubuhi ya tarehe 4 Februari 2023, Austin, Texas, ukungu ulikuwa umefunika uwanja na mnara haukuona njia. Boeing 767 ya mizigo ya FedEx ilikuwa imeruhusiwa kutua 18L. Ikiwa bado inashuka, marubani wake walisikia Boeing 737 ya Southwest ikiruhusiwa kuruka kutoka 18L hiyohiyo. Hawakunyamaza wakingoja mambo yajipange. Waliuliza kama ruhusa yao bado ipo, wakaambiwa ipo, na kwamba 737 itaondoka kabla hawajafika. Wakaendelea kushuka, sasa wakijua jambo moja ambalo mnara haukuweza kulikagua: kuna ndege mahali fulani ndani ya ukungu ule, na haijulikani kama imeanza kutembea.

Walikuwa wakitazama njia inapochomoza na umbo la ndege likajitokeza juu yake. Kapteni akainua pua, na rubani msaidizi akaiamuru Southwest redioni isitishe kuruka. Southwest ilikuwa imeshashika kasi, ikaendelea kuruka. 767 ilipita juu yake kwa chini ya mita 60, ikazunguka ndani ya ukungu, ikarudi na kutua.